Kimya Kilifuata

Mama Taratibu aliisoma sura ya saba upya, safari hii akiwa na penseli za rangi mezani. Nyekundu ilikuwa ya mambo ambayo mtu angeweza kuyaona kwa macho. Bluu ilikuwa ya mambo ambayo mtu angeweza kuyasikia. Nyeusi aliiweka kwa yale yote ambayo hakuna aliyeyaona wala kuyasikia isipokuwa mwandishi, kichwani mwake. Alipofika mwisho wa sura, kurasa zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni.

Jina hilo la Taratibu hakupewa na wazazi wake. Lilibandikwa kituoni, enzi hizo akiwa askari mpelelezi, na wenzake waliochoka kumngoja amalize kuuliza maswali. Alipostaafu na kuanza kufanya kazi za mawakili, jina lilimfuata, naye hakuona sababu ya kugombana nalo.

Kitabu kiliitwa *Kabati la Mauti*. Chini ya jina, kwa herufi ndogo, kilisema: kisa cha kweli. Kilimhusu mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke aliyeishi peke yake ghorofani, ambaye alikutwa asubuhi sakafuni kwake akiwa amepigwa kichwani na kitu kizito. Kilimhusu pia fundi seremala aliyekuwa akimtengenezea kabati palepale sebuleni. Mwalimu alizikwa. Fundi alifungwa maisha. Kitabu kilichapwa tena na tena.

Dada wa fundi, mshonaji wa nguo, ndiye aliyekileta ofisini. Alikiweka mezani kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa panya mtegoni.

"Hiki ndicho kilichomla mdogo wangu," alisema. "Soma wewe. Mimi nimeshindwa."

Rufaa ya fundi ilikuwa isikilizwe wiki iliyofuata. Isipopatikana hoja mpya, hukumu ingebaki kama ilivyo, na baada ya hapo hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Wakili aliingia, akatupa macho mezani. Alikuwa kijana, mwepesi wa kutembea na mwepesi zaidi wa kukata tamaa.

"Mama, umeamua kupaka rangi?"

"Nachambua mchele. Keti. Nikumbushe, ni ushahidi gani uliomfunga?"

"Jirani. Ukuta mmoja unamtenganisha na sebule ya marehemu. Jioni ile alimsikia fundi akisema, 'Nitakumaliza.' Kesho yake mwalimu kafa. Mahakama ingetaka nini tena?"

"Huyo jirani alimwambia nani kwanza?"

"Polisi."

"Hapana." Taratibu alimsogezea nakala ya gazeti la zamani. "Sura hii ilitoka kwanza gazetini, Jumapili. Maelezo ya jirani polisi yaliandikwa Jumatano iliyofuata. Mwandishi alifika kwake kabla ya askari."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Nataka kufahamu ni nani aliyemfundisha mwenzake. Hebu sikiliza." Akasoma kwa sauti ya chini: "*Fundi alisimama mlangoni, macho yamemwiva kama makaa. 'Nitakumaliza,' alisema. Kimya kilifuata. Ukutani, saa kuukuu ilikuwa imesimama, kana kwamba nayo imejua.*"

Kisha akatandaza picha za polisi. Kuta zote nne za sebule zilionekana. Palikuwa na kalenda, kioo, na lile kabati lisilo na milango. Saa haikuwepo.

Wakili alisimama. "Saa imeibwa! Mama, mtu ameingia mle ndani akatoka na saa. Huyo ndiye muuaji. Na mwandishi aliiona kabla haijaibwa, kwa hiyo alikuwa akiingia mle ndani!"

"Au," alisema Taratibu akivaa viatu, "ni saa tu. Twende tukamuulize mwenyewe."

*

Mwandishi aliwapokea kwa furaha. Alikuwa mzee nadhifu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, na chumba chake cha kazi kilikuwa na vitabu hadi juu ya jokofu. Alipoiona ile nakala yenye rangi alipiga makofi.

"Umekisoma kwa penseli! Dada yangu, wanafunzi wa chuo ndio wanaonisoma hivi. Karibuni chai."

Taratibu alingoja chai imiminwe. "Kaka, saa hii uliiona wapi?"

Mwandishi aliangalia mstari uliooneshwa, akaangua kicheko hadi akakohoa. "Hiyo ni saa ya bibi yangu mzaa mama! Ilikuwa sebuleni kwake miaka yote nikiwa mdogo, haikusema saa wala dakika. Nimeiweka katika vitabu vyangu vyote, tafuta utaiona."

"Kwa marehemu haikuwepo."

"Haikuwepo, ila chumba kisicho na saa hakina taharuki. Msomaji anataka kitu cha kukodolea macho wakati maneno makali yanasemwa."

Wakili alijiinamia kwenye kikombe chake. Mwizi wa saa alikuwa amekufa kifo cha ghafla.

Taratibu hakuonekana kusikitika. Alifungua ukurasa mwingine. "Hapa umeandika fundi alijiona nzi katika nyumba za wenye elimu. Alikuambia?"

"Alikataa kuonana nami."

"Basi umejuaje?"

"Hiyo ndiyo dhamira, dada yangu. Kitabu chote kimesimama juu ya hasira ya mtu asiyethaminiwa. Ondoa hasira hiyo, nabaki na nini? Mama wa watu amefariki na kabati halina milango. Nani atasoma?"

"Basi hasira ni yako."

Mwandishi alikoroga chai ambayo tayari alikuwa ameikoroga. "Ni ya kitabu," alisema. "Lakini mambo ya msingi ni ya kweli. Yale maneno, kwa mfano. Hapo usiniguse. 'Nitakumaliza.' Hayo nimeyatoa kinywani mwa jirani mwenyewe, siku moja baada ya maziko."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno. Nilipunguza mkia tu."

Wakili aliinua kichwa, akafungua mdomo. Chini ya meza, Taratibu alimkanyaga kiatu.

"Mkia gani, kaka?"

"Ah, watu wakisimulia huburuta maneno. Alisema kitu kama 'nitakumalizia', kisha sijui kesho, sijui mwalimu. Nikaona ni kama mtu anavyosema 'nitakuulia mbali'. Maana ni ileile. Lakini sentensi ya namna ile lazima idunde. *Nitakumaliza.* Umeisikia? Imedunda. *Nitakumalizia* inavuta miguu."

"Na hiki kimya kilichofuata?"

"Hicho changu. Ukishaweka tishio unaacha pengo, msomaji asikie moyo wake mwenyewe unavyopiga. Ni mbinu ya siku nyingi." Akasita, akamtazama Taratibu kwa makini. "Kwa nini unauliza?"

"Najifunza," alisema Taratibu, na alimaanisha hivyo.

*

Ngazini wakili alishindwa kujizuia. "Nitakumalizia! Mama, fundi alikuwa anazungumzia kabati! Alikuwa anamuahidi kulimaliza! Ndiyo maana asubuhi alikuja na vanishi na msasa, akawakuta watu wamejaa mlangoni. Mwandishi kaandika 'muuaji hurudi alipoua'. Muuaji gani anarudi na msasa?"

"Swali zuri. Lilitakiwa kuulizwa miaka minne iliyopita."

"Tumwite mwandishi mahakamani."

"Aseme nini? Hakuwepo. Amesikia kwa mtu. Aliyekuwa nyuma ya ukuta ni jirani peke yake, na jirani aliapa, akasema 'nitakumaliza'."

"Basi twende kwa jirani, tumuulize kama fundi alisema 'nitakumalizia'."

Taratibu alisimama kwenye kidaraja cha ngazi. "Ukimuuliza hivyo atakubali. Ni mtu wa kukubali, ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Kisha mwendesha mashtaka atasema tumemtia maneno mdomoni, na atakuwa sahihi. Mwandishi alimpa neno moja. Sisi tusiende kumpa la pili."

"Sasa tufanyeje?"

"Neno litoke kwake lenyewe. Lisipotoka, turudi nyumbani."

*

Jirani aliwafungulia kabla hawajabisha mara ya pili. Alikuwa mwanamke mchangamfu wa makamo, kitambaa kichwani, na kitabu mkononi tayari. Nakala yake alikuwa ameivalisha nailoni kama daftari la shule.

"Karibuni, karibuni! Ukuta wenyewe ndio huo. Watu wa chuo wakija wanaupiga picha. Mmoja aliubusu, naapa. Nikamwambia mwanangu, huo ukuta una rangi ya mafuta, utakwenda na midomo ya kijani." Alicheka. "Mimi nipo kuanzia ukurasa wa themanini. Niwasomee?"

"Tusimulie tu," alisema Taratibu.

Jirani alivuta pumzi, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayesoma taarifa. "Fundi alisimama mlangoni, macho yamemwiva kama makaa…"

"Macho yake uliyaona?"

"Ala! Nitayaonaje na ukuta huu hapa?" Akacheka tena, lakini kicheko hakikwenda mbali.

Taratibu aliomba ruhusa ya kurekodi. Aliweka simu mezani, akataja tarehe, akataja waliokuwemo chumbani. Wakili akaeleza kwamba jirani hakulazimika kusema lolote, na angeweza kuwatoa nje wakati wowote.

"Niwatoe nje na chai iko jikoni?"

"Dada," alisema Taratibu, "kile kitabu naomba tukiweke pembeni kidogo. Leo sitakuuliza fundi alisema nini. Nieleze wewe ulikuwa unafanya nini."

"Mimi?" Ilionekana hakuna aliyewahi kumuuliza. "Mimi nilikuwa napiga pasi."

"Wapi?"

"Hapa." Aliinuka, akaenda karibu na ukuta, akaweka mkono juu ya meza ndogo. "Sare za watoto. Kesho yake shule zilikuwa zinafunguliwa."

"Pasi yako ilikuwa nzuri?"

"Nzuri wapi! Ilikuwa inachagua, leo inachoma, kesho haipati moto. Jioni hiyo ilikuwa ya kuchoma. Nimeishika hivi, naiinua, naishusha, nachunga kola." Mkono wake ulianza kwenda na kurudi mezani. "Na yule fundi anapiga randa tangu mchana. Vumbi linanipitia chini ya mlango, nalazimika kukung'uta kila shati."

"Kisha?"

"Kisha randa ikanyamaza. Nikasema afadhali. Wakaanza kuongea."

"Wewe ukafanya nini?"

"Nikacheka."

Mkono ulisimama. Jirani aliutazama kama si wake.

Wakili hakusogea. Taratibu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Ulicheka nini?"

"Mwalimu! Yule mama alikuwa na maneno, Mungu amrehemu. Alimwambia, 'Kesho yako hiyo imeshaota mvi. Mimi nitastaafu mara ya pili kabati halina mlango.' Nikacheka peke yangu humu ndani hadi nikakaribia kuunguza kola. Maana mafundi ndio walivyo, wa nguo, wa viatu, wa nini, wote kesho. Na yule fundi alikuwa amemwambia kwa adabu zote, 'Usijali, mwalimu, nitakumalizia kesho…'"

 Midomo yake iliendelea kutembea bila sauti, ikirudia, kisha sauti ikarudi.

"Nita-ku-ma-li-zi-a." Akakaa kitini polepole. "Mungu wangu."

Hakuna aliyemsaidia kwa neno. Nje mtu aliburuta ndoo koridoni.

"Dada," alisema Taratibu, "usibaki hapo. Umeshacheka. Pasi bado iko mkononi. Kisha nini?"

"Kisha… fundi akashuka ngazi. Alikuwa na mluzi wake, hajui wimbo mpaka mwisho, anarudia palepale mwanzoni. Ukapotea huko chini."

"Na upande wa pili wa ukuta?"

"Akafagia."

"Nani?"

"Mwalimu, nani tena? Alikuwa na fagio la mti mrefu, akifika pembeni lazima ligonge ukuta. Ko, ko, ko. Aligonga mpaka nikainua mkono na mimi nigonge, nimwambie basi mama, pamesafika. Halafu nikaona si adabu."

Wakili alishindwa kuandika. Hukumu alikuwa anaijua kwa moyo: sakafu ilikutwa safi, bila hata chembe ya unga wa mbao, na jaji alisema hiyo ilikuwa kazi ya muuaji aliyefuta nyayo zake. Katika kitabu sura nzima ilihusu sakafu hiyo. Kumbe ilifagiwa na mwenye nyumba, akiwa hai na mwenye nguvu zake, wakati fundi yuko barabarani na mluzi wake.

"Mahakamani hukusema haya," alisema Taratibu. Hakulisema kama shutuma.

"Waliniuliza, alisema nini? Nikajibu. Wakauliza, kisha? Nikasema kimya kilifuata." Macho ya jirani yalikwenda kwenye kile kitabu cha nailoni. "Nilikuwa nimeshaisoma gazetini, dada. Niliisoma nikaikata nikaitunza. Yule baba anaandika vizuri kuliko mimi ninavyokumbuka. Baada ya muda nikifumba macho naona saa ukutani kwa mwalimu. Na kwa mwalimu hapakuwa na saa! Nimeingia mle mara ngapi kuomba chumvi."

Alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Nitafungwa mimi sasa?"

"Hilo wakili atakueleza, na ukitaka wakili wako mwenyewe tutangoja. Mimi nilichokiona kazini ni kwamba mtu anayerudi mwenyewe kusahihisha, majaji humtazama kwa jicho lingine."

"Na nisiporudi?"

"Utabaki na kitabu chako na ukuta wako. Hakuna atakayekulaumu, kwa sababu hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi." Jirani alisema hivyo kwa hasira kidogo, kama aliyetukanwa. Kisha akaugeukia ukuta wa kijani. "Wale wanafunzi wakija nitawaambia nini?"

"Waambie ulikuwa unapiga pasi."

Jirani alicheka bila kupenda, huku machozi yanamtoka. "Andikeni," alisema. "Andikeni kama nilivyosema. Msinipambe."

*

Siku chache baadaye msajili wa mahakama aliipokea hati ya kiapo, na majibu yakaja haraka kuliko wakili alivyotegemea: jirani angesikilizwa na majaji siku ileile ya rufaa. Wakili alitaka kumpigia simu dada wa fundi. Taratibu alisema habari kama hiyo haipigwi simu, akaenda mwenyewe.

Alimkuta kwenye chumba chake cha kushonea, cherehani tatu kando ya ukuta, moja tu ikifanya kazi. Mshonaji aliposikia hatua hakugeuka. "Kama ni mbaya, ngoja nimalize mshono huu."

"Maliza. Si mbaya."

Cherehani ilisimama papo hapo.

Taratibu alimweleza yote kwa mpangilio, bila kuruka wala kuongeza. Alimweleza neno, kicheko, mluzi na fagio. Kisha akamweleza na upande mwingine, kwa sababu hakuwa mtu wa kuuficha. "Sijasema anatoka. Nimesema watamsikiliza jirani. Mwendesha mashtaka atamhoji, atamwita kigeugeu. Na kuna mtu alikanyaga ile sakafu baada ya kufagiwa. Huyo bado hatumjui, na nitamtafuta."

Mshonaji alikuwa amesikia hadi mahali fulani tu. "Alikuwa anapiga mluzi," alisema. "Anaboa huyo! Hata nyumbani tulimkataza." Akaficha uso kwenye kitambaa kilichokuwa mapajani, mabega yakatikisika, na Taratibu akatazama dirishani hadi yalipotulia.

"Siku ya mahakama wanamruhusu kuvaa nguo zake?"

"Wanaruhusu, ukipeleka mapema."

Mshonaji alikwenda kabatini, akatoa shati jeupe la mikono mirefu na suruali nyeusi. Alivikung'uta, akavitandaza juu ya meza ya kukatia. "Wewe ulimuona mwezi huu. Amekwisha kiasi gani? Sema kweli."

Taratibu alifikiri, kisha akaweka viganja vyake kiunoni mwa suruali ile, akavisogeza ndani, akavisogeza tena.

Mshonaji alitazama nafasi iliyobaki kila upande. Aliweka pini, akachora mstari kwa chaki, akachukua sindano ya mkono. Mkasi ulikuwa karibu na kiwiko chake, akausukuma mbali.

"Hukati?" aliuliza Taratibu.

"Nikate nini? Napindia kwa ndani tu, mshono mlegevu wa muda." Alitia uzi sindanoni mara moja tu, bila kukosa. "Akianza kula chakula cha kwangu, ndani ya mwezi nitakuwa nafumua."